Betri Isiyojua Kushiba: Mwongozo wa Kuchaji Lithiamu kwa Fundi Mwenye Haraka

Mwezi ukishaingia gizani, bahari ya Tanga huwaka taa. Kuanzia Sahare na Deep Sea hadi Kigombe na Pangani, wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na mbele ya mwezi mpevu taa ya chombo haina mvuto. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karabai, ile ya mafuta ya taa, ya kupigwa pampu, inayovuma mpaka alfajiri. Siku hizi balbu za LED zinaichukua nafasi yake, na nyuma ya kila balbu ipo betri. Betri ya dukani ikiwa ghali, yupo kijana mtaani anayeiweza kazi: anapasua betri ya kompyuta mpakato iliyokufa, anatoa seli zilizomo, anaziunga upya, anazifunga utepe, na taa inawaka.

Kijana huyo ni fahari ya mji. Wapo waliofunzwa chuo cha ufundi cha VETA, wapo watoto wanaoonja elektroniki pale STEM Park ya Tanga, na wapo waliojifunzia kwenye meza ya fundi redio huko Ngamiani, wakishika tochi huku mkubwa akilehemu. Wanaunda taa za uvuvi, spika za sherehe, pawa benki, taa za baiskeli. Mikono yao ni mizuri na ninaiheshimu. Lakini ujuzi wa kuunga betri umewafikia wengi kuliko ujuzi wa kuichaji, na moto huingilia kwenye pengo hilo.

Pengo hilo lina mwenyewe. Sikiliza mazungumzo haya, utayasikia popote kazi inapokabidhiwa:

"Kijana, hii naichajije?"

"Chomeka tu, nahodha. Itajaa."

Huyo anayejibu ndiye mlengwa wetu. Tumwite Bwana Itajaa. Hana chaja ya betri aliyoiunda, ila anayo chaja ya kitu kingine ambayo plagi yake inaingia. Hana mita, ila ana ulimi, anaonja. Huchomeka saa nne usiku, akavuta shuka. Ukimwuliza betri itajaa lini, anakujibu kwa jina lake. Hatua zinazofuata zimeandikwa kumtoa Bwana Itajaa mezani kwako, na kama amekaa ndani yako, basi kumtoa humo pia.

Hatua ya kwanza: Jua unachokilisha

Betri ya lithiamu-ioni iliingia sokoni mwaka 1991 kwa mkono wa kampuni ya Sony ya Japani. Waliofungua njia yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Inastahili sifa hizo: ni nyepesi, inabeba nguvu nyingi, inachajika mara mamia. Ila ina tabia moja ambayo fundi aliyezoea betri ya gari lazima aikariri kabla hajagusa waya.

Betri ya gari yenye asidi ikizidishiwa chaji huanza kuchemka. Ziada inapasua maji kuwa gesi, nawe unafungua vizibo na kuongeza maji. Si jambo zuri, lakini ziada ina pa kutokea. Seli ya lithiamu haina mlango huo. Ni mtoto asiyejua kushiba: ukiendelea kumlisha, ataendelea kupokea, na kipimo lazima kiwe kwa mlishaji.

Kipimo chenyewe hiki hapa. Seli ya kawaida ya lithiamu, ile iliyoandikwa volti 3.6 au 3.7, imejaa ikifika volti 4.2. Ikishuka hadi volti 3.0 imekwisha, na chini ya 2.5 unaiumiza. Ipo ndugu yake ya fosfati ya chuma, inayoandikwa LiFePO4: yenyewe ni volti 3.2, hujaa kwenye 3.65. Usizichanganye hata kwa bahati mbaya. Ukiipeleka ya fosfati hadi 4.2 unaiumiza. Seli isiyo na maandishi, usiyoijua ni ya kabila gani, haichajiwi mpaka ijulikane.

Ukivuka 4.2, hesabu inabadilika ndani ya kopo la seli. Lithiamu inayotakiwa kuingia ndani ya kaboni ya upande wa hasi inakosa nafasi, inaanza kuganda juu yake kama metali. Upande wa chanya unalegea na kuanza kutoa oksijeni. Kati ya pande hizo mbili kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Joto likikaribia nyuzi 130, utando unayeyuka, chanya inakutana na hasi, na kimiminika kilichomo humo ni cha kuwaka. Kuanzia hapo joto linazaa joto, na kuchomoa waya hakusaidii tena. Kila hatua ya mwongozo huu inalenga usifike hapo.

Hatua ya pili: Chambua seli kwa mita

Chukua betri ya mpakato wa zamani. Ukiipasua kwa kisu cha plastiki, taratibu, bila bisibisi ya chuma kuchokonoa, mara nyingi utakuta seli sita za duara zinazoitwa 18650. Jina ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Zikiwa mbichi, hizi ni seli nzuri. Lakini betri ya mpakato ikitupwa ni kwa sababu angalau baadhi ya seli zimechoka, na kazi yako ya kwanza ni kuzitambua.

Anza na macho. Seli yenye kovu, mbonyeo, kutu au unyevu wa mafuta mafuta kwenye kichwa haina kazi kwako. Angalia pia ngozi yake ya plastiki. Watu wengi hudhani chanya ipo juu na hasi ipo chini, basi. Sivyo: kopo zima, kutoka chini hadi kwenye mabega, ni hasi. Chanya ni kile kifuniko kidogo cha juu peke yake, na kinachozitenga ni pete nyembamba. Ngozi ikichanika begani na utepe wa nikeli ukapita hapo, umeunga chanya na hasi kwa mkono wako. Ngozi hizo huuzwa, hupashwa moto kidogo zikabana. Na kwenye kila bega weka pete ya karatasi ya kuhami kabla ya kuunga.

Kisha mita. Seli yenye volti 3.0 kwenda juu ina matumaini. Iliyo kati ya 2.5 na 3.0, ichaji kwa mkondo mdogo sana huku umeishika: ikipata joto, iache. Iliyo chini ya hapo, usiifufue. Seli ikikaa muda mrefu bila chaji, shaba iliyomo upande wa hasi huyeyuka ndani ya kimiminika. Ukiichaji tena, shaba hiyo inaganda mahali pasipo pake na kujenga njia ya mkato ndani ya seli, ambapo hakuna fyuzi wala fundi anayepafikia.

Hapa ndipo Bwana Itajaa anapoonyesha ufundi wake wa kushtua. Anachukua seli iliyokufa, anaigusisha na betri ya pikipiki, cheche zinaruka, mita inasoma volti tatu, anatabasamu: imefufuka. Haijafufuka. Ameisukumia umeme bila kipimo akaficha ugonjwa wake, na sasa ataiuza ikiwa na sura ya uzima. Ufundi wa kushtua uachwe, na anayeufundisha watoto mezani kwake aache kuufundisha.

Seli zilizofaulu zichaji hadi 4.2, andika volti na tarehe kwenye ngozi kwa kalamu ya wino mzito, kisha ziweke wiki moja au mbili. Pima tena. Zilizosimama palepale ni zako. Zilizoteremka waziwazi huku hazikutumika zinavuja ndani, zitoe kundini.

Ukinunua seli mpya, usisome karatasi, pima uzito. 18650 ya kweli ina gramu 45 hivi, na hata zile bora za kawaida hubeba miliampea-saa 3,500 au juu yake kidogo tu. Ukiona imeandikwa 9,800, huo ni uongo uliochapwa kwa rangi. Sonara ana mizani, mwombe akupimie. Seli nyepesi kupita kiasi ina kitu kidogo kuliko ulichokilipia, na aliyedanganya kwenye ujazo hana sababu ya kuwa mkweli kwenye usalama.

Hatua ya tatu: Tumia chaja inayojua kuacha

Chaja halali ya lithiamu hufanya kazi kwa awamu mbili. Kwanza inatoa mkondo usiobadilika huku volti za seli zikipanda. Zikifika 4.2, inazishikilia hapo na kuacha mkondo ushuke wenyewe, polepole, mpaka ubaki mdogo. Halafu inakata. Kukata huko ndiko unakokulipia. Kifaa kisichokata ni kiambatisho cha umeme, si chaja, hata kama kimeandikwa chaja upande wa mbele.

Kwa seli moja, kadi ndogo yenye chipu ya TP4056 imekuwa rafiki wa mafundi dunia nzima, na kwa haki. Ni ndogo kama nusu ya kidole gumba, bei yake ni ya chini, na inafuata awamu zote mbili. Mkondo ukishuka hadi sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, inakata. Taa nyekundu inasema inachaji, ya bluu au ya kijani inasema imejaa. Ila kuna mambo manne ambayo karatasi yake haikuambii.

La kwanza ni kidude kimoja kidogo juu ya kadi, rezista inayopanga mkondo. Kwa kawaida kadi hufika ikiwa na rezista ya omu 1,200, maana yake ampea moja. Kwa 18650 yenye miliampea-saa 2,500 hilo ni sawa. Lakini ukiunga seli ndogo ya spika za masikio, yenye miliampea-saa 100, umeisukumia mara kumi ya ujazo wake. Badilisha rezista: ya omu 10,000 inateremsha mkondo hadi miliampea 130 hivi. Kanuni ya kukumbuka: mkondo wa kuchaji usizidi nusu ya namba ya ujazo. Seli ya 2,000, ichaji kwa 1,000. Seli ya zamani, shusha zaidi. Na hiyo ya 100, hata 130 bado ni nyingi, basi tafuta rezista kubwa zaidi.

La pili, kadi hizi zipo za aina mbili, na kwa mbali zinafanana. Moja ina sehemu nne za kuungia waya, nyingine ina sita. Ile ya sita ina ulinzi wa ziada unaokata seli ikishuka mno au ikipanda mno. Nunua ya sita. Lakini usiufanye ulinzi huo kuwa chaja: hukata kwenye volti 4.3 hivi, yaani baada ya mstari kuvukwa. Kazi yake ni kuokoa pale chaja iliposhindwa. Bwana Itajaa huunga chaja ya simu moja kwa moja kwenye kadi ya ulinzi na kusema itakata yenyewe. Siku kadi hiyo ikifa, hakuna kitakachokata.

La tatu, usiache taa au spika ikiwaka huku unachaji kupitia kadi hiyo. Mzigo unakula mkondo, chipu inadhani seli bado ina njaa, na muda wa kukata haufiki.

La nne ni sola. Kadi hii inataka volti 5, na mwisho wa uvumilivu wake ni volti 8. Paneli inayoitwa ya volti 12, jua la saa sita likiipiga na haina mzigo, hutoa volti 21 hivi. Ukiiunga moja kwa moja, kadi inaungua, na seli inabaki bila mlinzi mbele ya jua la Tanga. Weka kifaa cha kushusha volti katikati, au tumia kidhibiti cha sola kilichoandikwa waziwazi kuwa ni cha lithiamu.

Hatua ya nne: Seli nyingi, hesabu nyingi

Taa ya uvuvi hutaka volti 12, kwa hiyo fundi huunga seli tatu mfululizo. Tatu mara 4.2 ni 12.6. Namba hiyo ichonge kwenye meza. Sasa mtazame Bwana Itajaa akileta chaja ya betri ya gari, kwa sababu nayo imeandikwa 12. Chaja ya gari hupanda hadi volti 14.4. Gawanya kwa tatu: kila seli inapata 4.8. Hakuna seli ya aina hii duniani iliyoundwa kwa 4.8.

Hata 12.6 yenyewe haitoshi kukupa usingizi. Chukua seli mbili za ujazo wa 2,600 na moja iliyochoka iliyobaki na 1,400. Zikichajiwa pamoja, ndogo inajaa mwanzo. Kubwa zikiwa kwenye 4.0, ndogo inaweza kuwa tayari 4.6, na jumla inasoma 12.6 barabara. Chaja inaona hesabu imetimia. Mita ukiiweka kwenye ncha mbili za betri, nayo inakubali. Ukweli utaupata ukipima seli moja moja.

Kwa hiyo betri ya seli zaidi ya moja mfululizo inahitaji kadi ya kusimamia kila seli, ile ambayo mafundi huiita BMS, na iwe ya aina inayosawazisha. Waya wake mwembamba unakwenda kwenye kila kiungo, nao usirukwe hata mmoja. Oanisha seli za ujazo mmoja, umri mmoja, na ikiwezekana mpakato mmoja. Weka fyuzi karibu kabisa na chanya ya betri, kabla waya haujasafiri popote. Na usilehemu risasi moja kwa moja juu ya seli: joto la pasi linapenya hadi kwenye ule utando mwembamba. Tumia utepe wa nikeli unaochomelewa kwa mashine ya nukta, na kama mashine huna, tumia vishikizo vya kupachika.

Kwa chombo cha baharini nina ushauri mmoja zaidi: tumia seli za fosfati ya chuma, nne mfululizo. Zinajaa kwenye volti 14.6, ni nzito kidogo, lakini huvumilia joto zaidi na si nyepesi kuwaka kama ndugu zao. Chombo hakina mlango wa kukimbilia nje. Nahodha aliye maili kadhaa kutoka nchi kavu anastahili betri yenye subira.

Hatua ya tano: Chagua mahali na saa

Nyumba zetu zina mahali pazuri pa kuchajia, na pabaya. Baraza ya saruji ni pazuri. Godoro ni pabaya kuliko pote, na ndipo simu na pawa benki hulala kila usiku. Mkeka wa ukindu, kapeti, kochi, rundo la nguo, chini ya paa la makuti: vyote ni kuni. Mlangoni napo hapafai, hasa nyumba ikiwa na mlango mmoja, kwa sababu moto ukianzia hapo umefunga njia ya watoto.

Tafuta chungu cha udongo kipana au karai lililotandikwa kipande cha kigae ndani. Chini weka mchanga mkavu wa mtoni, si wa ufukweni, maana wa ufukweni una chumvi na unashika unyevu. Betri ikae humo, nyaya zitoke juu, na chungu kisizibwe: seli ikitoa gesi ndani ya chombo kilichofungwa, umeunda bomu. Ndoo ya maji iwe karibu.

Halafu joto. Seli nyingi hazitaki kuchajiwa zikipita nyuzi 45. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi ikivuma na jua likilalia mabati, chumba kisicho na dari hukaribia huko bila msaada wa chaja. Betri iliyotoka juani, iliyokuwa kwenye bajaji au sitahani, kwanza ipoe kivulini. Mkono wako uweze kuikumbatia bila kushtuka. Ikipata joto katikati ya kuchaji, chomoa na utafute sababu. Usiipepee ukaendelea.

Na saa. Seli ya 2,500 kwa ampea moja huchukua saa tatu hivi. Ukichomeka saa kumi alasiri, kwenye saa moja usiku umemaliza, na muda wote huo watu wako macho, wanapika, wanaswali, wanapita. Betri kubwa ya seli nyingi ikichajiwa kwa kadi ndogo itakula usiku kucha, na hapo ndipo kishawishi cha kulala kinapoingia. Dawa yake ni chaja kubwa inayolingana nayo, au kuichaji mchana kwa zamu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mwenye usingizi hachaji lithiamu.

Bahari nayo ina neno lake. Hewa ya chumvi hula utepe wa nikeli na kuotesha ukungu wa kijani kwenye shaba, kiungo kinakuwa kigumu kupitisha umeme, na penye ugumu panapata joto. Funga viungo kwa silikoni isiyonuka siki, kagua kila mwezi wa giza unapoanza. Betri ikitumbukia baharini, usiikaushe juani ukaichaji. Maji ya chumvi hupitisha umeme na kuacha chumvi ndani. Mwaka 2022, kimbunga Ian kilipoifurikisha Florida huko Marekani, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari yalianza kuwaka baada ya mafuriko kupita. Betri iliyokunywa bahari ikae nje, mbali na nyumba, na kazi yake imekwisha.

Hatua ya sita: Ikivimba, ikinuka, ikitoa moshi

Betri bapa ya simu ikivimba, gesi imezalika ndani. Bwana Itajaa huchukua sindano akaitoboa ili ipungue, kisha akaibandika utepe. Sindano hiyo hupita kwenye utando uleule. Usitoboe, usikandamize, usiichaji hata mara moja zaidi ili uhamishe picha. Zima kifaa, kitoe nje, kiweke juu ya mchanga.

Ukisikia harufu tamu kama ya kiyeyushi cha rangi, au mlio wa kufoka, seli inatangulia kukuonya. Una sekunde, si dakika. Watoe watu kwanza. Kama swichi kubwa ipo njiani, izime. Ukikaa nje, kaa upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wa lithiamu una gesi kali inayounguza mapafu. Ukiweza kuufikia moto bila kujihatarisha, mwaga maji mengi na uendelee kumwaga: seli hizi zinahitaji kupozwa, na umeme wa ukutani ukishazimwa maji yanafaa. Mchanga huzuia moto usitambae lakini haupozi, na seli iliyonyamaza inaweza kuwaka upya saa kadhaa baadaye. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Piga mapema, usisubiri uone kama utaweza.

Anayedhani haya ni maneno ya kutishia watoto akumbuke tarehe 3 Septemba 2010. Ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka kutoka Dubai ikiwa na betri za lithiamu nyingi miongoni mwa mizigo yake. Moto ulizuka kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani, na wote wawili waliokuwemo wakafa walipojaribu kurudi. Ndege ile ilikuwa na vifaa vya kugundua moto, na marubani waliosomea dharura. Chumba cha kulala cha Makorora, hapa Tanga, hakina hata kengele ya moshi.

Kwa hiyo ndugu yako anayekuja kutoka Dubai au Muscat na mzigo wa seli, mweleze mapema: betri za akiba hupanda naye kwenye mkoba wa mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa utepe, si kwenye begi la chini. Betri moja isizidi wati-saa 100 bila ruhusa ya shirika. Hesabu ni volti mara ampea-saa: seli ya 3.7 na 2.5 ni wati-saa 9.25, na betri ya seli kumi na mbili tayari imepita mpaka.

Seli zilizokufa zifunike ncha kwa utepe, zikusanye kwenye chombo kisicho cha chuma, ziwekwe nje ya nyumba mpaka upate wa kuzipokea. Usizitupe jaani ambako takataka huchomwa, wala baharini ambako unavua.

Hatua ya saba: Kabidhi kazi nzima

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Fundi mzuri anaweza kuzijua sita za juu na bado akasababisha moto, kwa sababu betri haibaki mezani kwake. Inakwenda kwa nahodha, nahodha anampa mke wake akaichaji, mke anamwachia mtoto. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona mita yako. Ujuzi wako umebaki kichwani mwako, na betri imesafiri bila huo ujuzi.

Basi andika juu ya betri, kwa Kiswahili, kwa wino usiofutika na maji: aina ya seli, volti za kujaa, ampea za kuchaji, saa zinazohitajika, na tarehe uliyoiunda. Ifungashe na chaja yake, soketi yake iwe tofauti na ya chaja nyingine za nyumbani ili ya gari isiingie hata kwa kulazimishwa. Mwonyeshe mteja taa ya kujaa inavyowaka, mwambie asiichaji akilala, mwache akurudishie maneno hayo kwa kinywa chake. Bei ya chaja iweke ndani ya bei ya taa tangu mwanzo, usiiache kuwa hiari.

Na wewe mteja, nahodha, mama mwenye spika ya shughuli, uliza kabla hujatoa pesa: inajaa kwenye volti ngapi, na chaja yake iko wapi? Jibu likiwa "itajaa tu", rudisha betri mezani. Taa isiyo na chaja yake ni kazi nusu, na fundi anayejiheshimu hapokei malipo ya kazi nzima kwa kazi nusu.